Qi Imepungua, Lakini Vali Je?

Tabibu wa Kichina wa zamani, ukimwendea ukilalamika kwamba moyo unakwenda mbio na pumzi inakata, hakuanzia kifuani. Alianzia kwenye kazi. Ulikuwa unafanya nini hali hiyo ilipokupata? Ulikuwa umekaa, au ulikuwa umetoka kupanda ngazi? Ulitokwa na jasho? Ulipopumzika, ilitulia au iliendelea? Mzizi wa maswali hayo uko katika Huangdi Neijing, maandiko mama ya tiba hiyo, yaliyokusanywa takriban miaka elfu mbili iliyopita. Sura ya 39 ya sehemu yake iitwayo Suwen inasema kwamba mtu akijichosha kupita kiasi hutweta na kutoka jasho, vya ndani na vya nje vikamwagika pamoja, na hapo ndipo qi, nguvu ya mwili, inapoliwa.

Nimeanza na hilo kwa sababu mabishano yetu kuhusu tiba ya Kichina huanzia pabaya. Upande mmoja unasema ni uganga uliotiwa kwenye makopo mazuri. Upande wa pili unasema Wachina wako mabilioni na wanaishi miaka mingi, kwa hiyo dawa zao ni lazima zifanye kazi. Hoja zote mbili hazimgusi mgonjwa. Mgonjwa ni yule mama anayefagia ua, akifika katikati anaegemea ukuta huku moyo unamdunda hadi kooni. Tiba hii inamwona vipi? Na ikishamwona, imemsaidia au imemchelewesha?

Mimi naona inamtazama vizuri kuliko wakosoaji wanavyodhani, na bado inaweza kumpeleka kaburini. Hatari haiko sana kwenye mizizi na magome. Iko kwenye jibu lenyewe, lile la "umepungukiwa", kwa jinsi linavyowaliwaza watu na kuyafunga maswali yaliyoanza vizuri.

Qi, kwa asiyezoea, ni nguvu inayosemwa kuendesha kila jambo mwilini: pumzi, mwendo wa damu, joto, usagaji wa chakula. Iko ya aina nyingi, na mojawapo huitwa zong qi. Lingshu, sehemu ya pili ya Neijing, inaeleza kuwa hiyo hukusanyika kifuani, hutokea kooni, hupenya kwenye mishipa ya moyo na kuendesha pumzi. Akiba moja, kazi mbili. Mwenye akiba ndogo akiwa amekaa haoni tatizo, kwa kuwa matumizi ni madogo. Akiinuka kubeba ndoo, pumzi na mapigo vinayumba kwa pamoja.

Kwa watu ambao hawakuwa na njia ya kuona ndani ya kifua cha mtu aliye hai, hilo ni wazo zuri kweli. Moyo ukishindwa kusukuma damu, maji hujaa kwenye mapafu na pumzi hukata; mapigo nayo huongezeka ili kufidia. Mambo mawili ambayo hospitali ya leo ingeyagawa kati ya milango miwili, wao waliyaweka chumba kimoja. Na kigezo chao cha kazi hakijazeeka. Mwaka 1928 Chama cha Moyo cha New York kilipotaka kuwapanga wagonjwa wa moyo kwa uzito wa ugonjwa, nacho kilitumia kazi: asiyesumbuliwa na lolote, anayechokeshwa na shughuli za kawaida, anayetweta hata kwa shughuli nyepesi, na anayetweta akiwa amekaa. Madaraja hayo manne yanaandikwa kwenye mafaili ya wagonjwa hadi leo, Muhimbili kama kwingineko.

Tabibu akikuta mapigo yanayoongezeka kwa kazi kidogo, pumzi fupi, jasho lisilo na sababu, uchovu, uso uliopauka, ulimi mweupe na mshipa dhaifu kwenye kifundo cha mkono, huandika xin qi xu, upungufu wa qi ya moyo. Mikono na miguu ikiwa baridi na mwili umeanza kuvimba, tatizo limeshuka hadi kwenye yang ya moyo, yaani joto lake, na hapo mambo ni mazito zaidi. Usingizi ukiwa haupo na viganja vinawaka usiku, inasemwa yin, yaani umajimaji unaoupoza mwili, ndiyo imekauka. Wanatofautisha pia mapigo ya jing ji, yanayoletwa na mshtuko na kuondoka nao, na yale ya zheng chong, yanayokuja bila kuitwa na yasiyotulia. Ya pili ndiyo yanayoogopwa.

Kwa wazee wanaohema wakipanda mlima, lawama huangukia figo. Mapafu ni bwana wa qi, figo ni mzizi wake; mapafu huivuta chini, figo huidaka. Figo zisipodaka, pumzi huelea juu na kuvuta hewa ndani kunakuwa kazi. Hapa msomaji awe macho. Figo za maelezo haya si zile zinazochuja mkojo. Kuna watu hutoka kwenye kliniki wameambiwa "figo zako zimechoka", wakaenda kupima kreatinini, kipimo cha figo kwenye damu, wakakuta iko sawa, wakarudi nyumbani wakiamini wamepona ugonjwa wa moyo ambao hakuna aliyeupima.

Sasa nije kwa Zhang Zhongjing, tabibu wa mwisho wa utawala wa Han, mwanzoni mwa karne ya tatu. Huyu namheshimu. Katika maandishi yake yanayojulikana kama Jingui Yaolue kuna hali aitayo zhi yin, maji yaliyojikita kifuani. Dalili zake: kikohozi, kuegemea kitu ili kupata pumzi, pumzi fupi, kushindwa kulala chali, na mwili unaoonekana kama umevimba. Mpe muuguzi yeyote wa wodi ya magonjwa ya ndani asome mstari huo bila kumwambia umetoka wapi, atakwambia ni moyo ulioshindwa kufanya kazi, na atatafuta mto wa pili wa kumwegemeza mgonjwa. Zhang hakumpa mtu huyo dawa ya kuongeza nguvu. Kwa zhi yin inayomzuia mtu kupumua alitoa mchemsho wa mbegu za tingli na tende za Kichina, uliokusudiwa kuyakamua maji kutoka kwenye mapafu. Alijua kwamba pumzi fupi yaweza kutokana na kupungua, na yaweza kutokana na kujaa, na kwamba kumwongezea aliyejaa ni kumzamisha.

Kwingine, katika Shanghan Lun, maandishi yake mengine, anamzungumzia mgonjwa ambaye moyo unadunda na mshipa wa mkononi ni jie au dai. Jie ni mshipa wa polepole unaoruka pigo pasipo mpangilio. Dai unaruka kwa mpangilio. Kuweza kutenganisha hivyo viwili kwa vidole vitatu tu ni ustadi. Leo mapigo yasiyo na mpangilio yangetufanya tufikirie mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo, ugonjwa ambao hutengeneza mabonge ya damu na kuleta kiharusi. Nitasema jambo ambalo wenzangu hawatalipenda: katika zahanati nyingi siku hizi mashine inafungwa mkononi, namba ya presha inaandikwa, na hakuna mtu anayeweka kidole kwenye mshipa. Tabibu wa Han angelinasa tatizo ambalo mashine hiyo, pengine, imelipita.

Kwa hiyo wa kale walisikiliza, waligusa, na waliogopa palipostahili kuogopwa. Kilichowashinda ni kuona sababu.

Chukua watu wanne wenye dalili zilezile za xin qi xu. Wa kwanza ana minyoo ya safura na hedhi nzito, damu imepungua. Wa pili ni msichana wa miaka 19 aliyeumwa koo mara nyingi utotoni, na homa ya baridi yabisi imeacha vali ya moyo wake, mlango unaopitisha damu, ikiwa imekaza. Wa tatu amejifungua miezi miwili iliyopita na misuli ya moyo imelegea, ugonjwa ambao wakunga wengi huuona kama uchovu wa uzazi. Wa nne ana tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Wote wanahema wakifanya kazi ndogo, moyo unawaenda mbio, wanatoka jasho, wamechoka. Ulimi na mshipa vinaweza kutofautiana kidogo, na tabibu hodari atasema huyu ni wa damu, yule ni wa yin. Lakini hakuna rangi ya ulimi inayoonyesha upana wa vali. Mmoja anahitaji vidonge vya madini ya chuma na dawa ya minyoo, mwingine upasuaji au puto la kupanua vali, na kumpa kila mmoja jinseng ni kuwatendea usawa wa kijinga.

Huyo wa damu nimtetee kidogo kwa niaba ya Wachina, maana hapo walikaribia sana. Yan Yonghe, katika karne ya 13, aliandika mchanganyiko wa Gui Pi Tang kwa watu waliochoshwa na mawazo, wenye mapigo ya moyo na usahaulifu. Vizazi vilivyofuata viliupanua hadi kwa wanawake wanaotoka hedhi nyingi, wamepauka, hawalali, moyo unadunda. Waliuliza kuhusu hedhi. Hilo ni swali ambalo hata leo mwanamke anayelalamika moyo kwenda mbio anaweza asiulizwe. Na si swali dogo kwetu: uchunguzi wa kitaifa wa afya Tanzania wa 2015–16 ulikuta takriban asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mama wa ufagio niliyemtaja hapo juu, ukiniuliza nibashiri, ningeanza na damu yake.

Tatizo la soko la leo ni kwamba limechukua nusu ya urithi huu, nusu iliyo rahisi kuuza. Zhang Zhongjing alikuwa na kupungua na kujaa. Makopo yana kupungua tu. Kila pumzi fupi ni upungufu, kila upungufu una kinywaji chake, na kinywaji hakihitaji mtu kukugusa mkono. Tabibu Zhang Xichun, aliyefariki 1933, alikuwa mtetezi mkubwa wa kuinua qi ya kifuani iliyoporomoka. Mchanganyiko wake wa Shengxian Tang ni wa watu wenye pumzi fupi isiyowatosha. Hata yeye alikaa akieleza jinsi ya kutenganisha wagonjwa hao na wale wanaotweta kwa sababu nyingine, kwa kuwa dawa ya mmoja humdhuru mwenziwe. Na hakuona aibu kuchanganya aspirini ya Wazungu na jasi ya Kichina kwenye dawa moja. Sidhani kama angeelewana na wauzaji wa vifurushi vya "nguvu ya moyo".

Soko hilohilo ndilo lililotufikia kupitia punda. Mchanganyiko wa Zhang Zhongjing wa mshipa unaoruka una urukususu (mzizi mtamu) uliokaangwa na asali, tangawizi, mdalasini, jinseng, na ejiao, gundi inayochemshwa kutoka ngozi ya punda. Matabibu walitumia kipande. Ejiao ilipogeuka kuwa kitafunwa cha kuongeza damu na urembo kwa tabaka la kati la China, machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya na Tanzania, punda wakaibwa usiku, na wanawake wakarudi kubeba maji kichwani. Serikali ya Kenya ilitoa amri ya kuyafunga mwaka 2020, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakapitisha zuio la miaka 15 la kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Pumzi za Wachina zimetugharimu, naweza kusema, hata kabla hatujameza chochote.

Dawa zenyewe nazo si maji ya baraka. Urukususu ukitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu hupunguza potasiamu mwilini, hupandisha presha, na potasiamu ikishuka moyo unapoteza mpangilio. Dawa iliyokusudiwa kutuliza mapigo ikawa ndiyo inayoyavuruga. Fuzi, mzizi wa jamii ya akoniti unaotolewa kwa yang ya moyo iliyozimika, ni sumu kali ya moyo usipochemshwa muda wa kutosha, na umewahi kuua. Danshen, mzizi mwekundu unaosifiwa kwa kusukuma damu, huongeza makali ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na watu wenye vali za bandia wanaishi kwa warfarini. Haya hayathibitishi kuwa ni dawa mbaya. Yanathibitisha kuwa ni dawa, zenye kipimo, na kipimo kinahitaji mtu anayejua anatibu nini.

Wanaotetea tiba hii watanikumbusha utafiti wa QUEST, na wana haki. Ulitangazwa Amsterdam mwaka 2023 na kuchapishwa 2024, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 3,000 wa moyo kushindwa katika hospitali 133 za China bara na Hong Kong. Nusu walipewa vidonge vya Qiliqiangxin, mchanganyiko wa vitu 11 uliotungwa kwa nadharia ya qi na yang, nusu vidonge bandia, wote wakiendelea na dawa zao za kawaida za hospitali. Waliokufa kwa moyo au kulazwa tena kwa moyo kuzidiwa walikuwa takriban asilimia 25 upande wa dawa, na asilimia 30 upande wa pili. Hiyo ni tofauti ya kweli, na anayeendelea kusema tiba ya Kichina haijawahi kupimwa kwa haki itabidi abadilishe hoja.

Lakini angalia walioingia kwenye utafiti huo waliingiaje. Hawakuchaguliwa kwa ulimi wala kwa vidole vitatu. Walichaguliwa kwa kipimo cha eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kilichoonyesha chumba cha kushoto cha moyo kinasukuma asilimia 40 au chini ya damu yake, na kwa kipimo cha damu. Angalia pia kilichomo ndani ya kidonge. Miongoni mwa vile 11 kuna gome la mmea wa Periploca sepium, lenye kemikali za jamii moja na digoksini, dawa ya moyo iliyotoka kwenye jamii ya mmea uliotumiwa na wenyeji wa Uingereza kabla daktari William Withering hajaandika vipimo vyake mwaka 1785. Fuzi imo, danshen imo, na tingli ya Zhang Zhongjing imo vilevile. Inawezekana kabisa kwamba kinachofanya kazi ni kemikali ambazo daktari wa moyo wa Nairobi angezielewa bila kujifunza neno qi. Inawezekana pia kwamba bila nadharia ya qi hakuna ambaye angezikusanya pamoja. Mimi nayakubali yote mawili.

Na hapa ndipo ninapowakasirikia si Wachina, bali sisi tunaoagiza nusu. Katika hospitali za tiba ya asili za Beijing au Guangzhou, mgonjwa wa xin ji, yaani wa moyo kudunda, hupimwa umeme wa moyo. Vitabu vya kufundishia tiba hiyo vinaelekeza hivyo. Shirika la Afya Duniani lilipoingiza upungufu wa qi ya moyo kwenye orodha yake ya magonjwa ya ICD-11, inayotumika tangu 2022, liliuweka kwenye sura ya tiba za jadi ili uhesabiwe, bila kuthibitisha kuwa dawa zake zinaponya. China iliendelea na tiba yake ikiwa na mashine pembeni. Kliniki zilizofunguliwa Dar es Salaam tangu miaka ya 1990, na zile za mitaa ya miji mingine, nyingi zilikuja na droo za mitishamba, mashine zikabaki kwao. Halafu wagonjwa wetu si wa kwao. Utafiti wa nchi tisa za Afrika uliochapishwa 2012, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta wagonjwa waliolazwa kwa moyo kushindwa wana wastani wa miaka 52 tu, na sababu kubwa ikiwa presha, vali zilizoharibiwa na baridi yabisi zikiwa miongoni mwa sababu nyingine. Kwa watu wa umri huo, mwezi wa kunywa mchemsho si mwezi mdogo.

Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, na baraza la kuisimamia. Baraza hilo hubishana zaidi na matangazo ya nguvu za kiume. Ningependa liandike kanuni fupi kuhusu dalili hii moja: mtu yeyote anayehema au kudundwa na moyo baada ya kazi nyepesi, asiuziwe dawa ya zaidi ya siku chache kabla hajapimwa wingi wa damu, presha na umeme wa moyo; na aliyevimba miguu, asiyeweza kulala chali, aliyezimia au mwenye maumivu ya kifua apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kupewa chochote. Kipimo cha wingi wa damu kinatoka kwenye tone la kidoleni. Cha umeme wa moyo huchukua dakika chache. Fomu iwe na mstari mmoja zaidi wa kuandika dawa nyingine anazotumia, warfarini ikitajwa kwa jina, na nakala yake abaki nayo mgonjwa, ili akienda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete daktari ajue amekuwa akinywa nini.